Zamu ya Maji Alboraia

Mama alinituma Hispania kwa sababu ya ndago. Dada yangu Salma, aliyeolewa na Chimo, Mhispania aliyekuwa mpishi katika hoteli moja ya Bwejuu, pwani ya Unguja, alituma picha akiwa amesimama katikati ya shamba la majani membamba. Chini yake akaandika: "Zao langu." Mama aliitazama picha ile barazani kwetu Mkunazini, kisha akamwita jirani, wakaitazama pamoja.

"Hizi si ndago?"

"Ndago hasa," jirani akajibu. "Mie kila masika zanivunja mgongo kuzing'oa."

"Basi mwanangu kenda Ulaya kulima magugu! Nuru!"

"Naam, Mama."

"Utakwenda kumtazama dada yako. Ukimkuta ana hali mbaya, rudi naye."

Salma alikuwa akinialika siku nyingi. Nilipata viza, yeye na mumewe wakanikatia tiketi, na alasiri moja ya Julai nikaagana na Mama uwanja wa ndege wa Kisauni, mkoba wangu ukinuka achari ya maembe.

Madrid, asubuhi. Nilibadilisha ndege kwa treni na kukaa dirishani. Nchi ilipita kavu, rangi ya tende zilizoiva, vilima vikiwa vimelala kama ngamia waliochoka. Kisha treni ikaanza kuteremka kuelekea bahari, na ghafla kila kitu kikawa kijani: michungwa, mboga, mistari ya maji iking'aa juani. Babu yetu, Mwarabu wa Unguja, alikuwa akitusimulia falaji za kwao Omani, mifereji ya kumwagilia mashamba kwa zamu. Sikudhani ningeikuta Ulaya.

Alboraia, adhuhuri. Ni kitongoji cha pembezoni mwa jiji la Valencia. Unashuka treni ya chini ya ardhi, unapanda ngazi, unakuta majumba ya ghorofa yenye nguo zilizoanikwa na wazee wanaocheza karata mkahawani. Unavuka barabara moja tu, na mji umekwisha. Mbele yako ni mashamba, tambarare kama mkeka, mpaka pwani.

Salma alinipokea kwa kilio na kicheko, akanimiminia kinywaji baridi, cheupe kama maziwa, chenye ladha inayokaribia lozi.

"Hizo ndizo ndago za Mama," akasema. "Hapa punje zake za mizizini husagwa, zikakamuliwa. Watu hupanga foleni kuzinywa."

Jikoni alinifundisha majina ya vitu. Kumbe watu wa hapa wanajua Kihispania, lakini nyumbani wana lugha yao. "Kama mtu wa Makunduchi," Salma alisema. "Mjini atasema nawe Kiunguja, akifika kwao anageuza." Sukari waliiita *sucre*, bilingani *albergínia*, na mfereji *séquia*, neno la Kiarabu lililobadilisha nguo tu. Jina lenyewe la Alboraia ni la Kiarabu, mnara mdogo. Waislamu walikaa hapa karne nyingi na kuieneza mifereji hii. Katika karne ya kumi na tatu mfalme Mkristo akaiteka nchi, na baadaye wajukuu wa Waislamu wale wakafukuzwa. Watu wakaondoka, maji yakabaki na zamu zake.

"Na hali yako?" nikauliza. "Mama anataka kujua."

Salma akaweka kisu chini. Shamba lilikuwa la Mzee Visent, jirani anayelima kipande cha chini yake. Alimpa Salma msimu mmoja wa kumjaribu. "Mimi na Chimo tushakubaliana. Mzee akilichukua shamba lake, tunarudi Bwejuu."

Mama angeshangilia. Lakini mikono ya Salma ilikuwa na udongo kwenye kucha, na nilikuwa sijapata kuiona imetulia vile.

Alhamisi, shambani. Ilikuwa siku ya maji. Utaratibu ni huu: zamu huanzia mashamba ya juu kushuka chini. Ikikufikia, unafungua kilango chako mferejini na maji yote ni yako mpaka shamba lishibe. Ukifunga, yanakwenda kwa wa chini yako, nawe unangoja wiki nzima.

Salma akafungua. Maji yakaingia matutani yakinong'ona. Yalikuwa yamefika nusu ya shamba nilipomwona anatazama shamba la chini, halafu anatazama tena. Mzee Visent, mtu wa miaka sabini na kitu, alikuwa amesimama kwenye kilango chake, ameegemea jembe, jua limemkaa utosini. Nikajua kinachokuja. Kwetu mkubwa hasimamishwi akisubiri.

Salma akafunga kilango. "Tangulia wewe, mzee," akamwambia kwa lugha ya huko, nami akanitafsiria papo hapo.

"Umemaliza?"

"Bado. Lakini wewe mkubwa."

"Mkubwa kwa nani? Kwa maji?" Mzee akatupa kofia chini. "Nimekuomba? Nimeanguka? Unanizika nami nimesimama! Nusu ya shamba nililokupa kavu! Mwakani nitalilima mwenyewe!"

Salma akanigeukia. "Wiki nzima kwa jua hili, Nuru. Nimeliua."

"Muombe radhi."

"Radhi haimwagilii."

Nilijaribu kufurahi kwa ajili ya Mama. Nilishindwa.

Mzee Visent alikwenda akafungua kilango chake. Maji yakaingia kidogo. Akakifunga, akarudi kwetu akinung'unika njia nzima, akakishika kilango cha Salma na kukifungua kwa mikono yake.

"Zamu sasa yangu," akasema. "Maji yangu. Nayapeleka nitakako."

Kutoka mashamba ya chini mtu akapiga kelele: "Visent! Umelala?"

"Subiri! Jirani yangu hajamaliza!"

Alimsimamia Salma mpaka tuta la mwisho. "Sasa funga. Hapa adabu ni kumaliza. Na mwakani usinifanyie tena upuuzi huu!"

Salma akanibana mkono mpaka ukauma. "Umesikia, Nuru? Kasema mwakani!"

Mkunazini, wiki mbili baadaye. Mama aliniona nashuka garini peke yangu. Nikamweleza yote pale pale barazani.

"Alimfokea mwanangu mbele za watu?"

"Alimfokea."

"Kisha akampa maji yake?"

"Akampa."

Nilitaka kumwambia nilichojifunza: kwamba nilikwenda kutazama kama Salma anapendwa ugenini, nikakuta anagombwa kama mtu wa kwao, na hilo ni kubwa zaidi. Sikuwahi. Mama alishaninyang'anya simu na kumpigia Salma shambani.

"Nipe huyo mzee."

Akamfokea kwa Kiunguja, asimgombeze mtoto wa watu hadharani. Mzee naye akafoka kwa lugha yake. Walijibizana kitambo kirefu.

"Mama," Salma aliingilia, "nitafsiri?"

"Acha. Nshamwelewa," Mama akasema, akivuta kiti akae vizuri. "Wewe kamalize matuta yako."