Mkono wa Dirishani

Uani kwangu jua haliingii tena kama zamani. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ya chini, mojawapo ya chache zilizobaki mtaani hapa Kariakoo, na maghorofa yameizunguka kila upande. Lakini bustani ninayo. Mchicha uko kwenye karai lililotoboka, bamia kwenye ndoo za rangi, pilipili kwenye sinki la jirani aliyeuza nyumba yake ikavunjwa. Asmini imepanda ukuta wa choo. Na katikati ya ua, kwenye pipa lililokatwa nusu, ndipo ulipo mrihani wangu. Nimeulisha maganda na majani ya kabichi ya sokoni niliyoyaozesha mwenyewe. Mtaani kukiwa na harusi au msiba, wanawake wanabisha hodi kwangu kuomba mrihani. Nawachumia, na juu yake nawapa maneno, maana mdomo wangu haujui kupumzika.

Mdomo huo ndio ulioniponza.

Asubuhi jua likishatoka huwa natoka kumwagilia, nimejifunga kanga kifuani, kichwa wazi. Ni uani kwangu, na uani mwanamke hana wa kumwogopa. Sasa mwaka jana, siku moja nainua macho, naona ghorofa ya pili, nyuma ya ukuta wetu, dirisha limefunguliwa mbawa zote mbili. Ndani ameketi mtu, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, sweta la kijivu. Sweta lile nililijua. Lilikuwa la mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la vifungo na nyuzi pale kona, kazaliwa hapa hapa Kariakoo, vifungo vya sare za wanangu wote vilitoka kwake. Basi mtu yule akainua mkono mmoja, polepole, mpaka usawa wa paji la uso.

Loh! Ananipungia! Nilidondosha kopo, nikakimbilia ndani.

Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Ningeweza kumuuliza. Tulikuwa tunasalimiana miaka nenda miaka rudi, na ngazi za kwake si mlima. Sikumuuliza. Nilibaki kuvimba tu, nikimwagilia huku nimejitanda kama ninaenda msibani.

Haikupita wiki kukawa na harusi nyumba ya tatu. Nimepeleka mrihani na asmini za kufungia vikuba vya kuvaa kifuani, tumekaa jikoni tunamenya vitunguu saumu vya pilau, mmoja akaniuliza mbona nimenuna. Nilikuwa nangoja hilo tu.

"Yule mzee wa vifungo," nikasema, "mvi kichwa kizima, kazi yake kunichungulia nikiwa na kanga moja. Na mkono ananipungia!"

"Weee! Mzee yule mpole?"

"Wapole ndio hao hao."

Walicheka mpaka sufuria likaungua. Nami nikanoga. Nikasimama na kisu mkononi, nikawaonyesha anavyoinua, taratibu, macho nimeyalegeza. Wakaniambia rudia, nikarudia. Kila nikilikumbuka lile nasikia joto masikioni, kwa sababu siwezi hata kusema nilikuwa na hasira. Nilikuwa nafurahi.

Pilau halijapakuliwa, habari imeshafika barabarani. Watoto wakampachika jina, Babu Dirisha. Pale kona kuna kijiwe cha kahawa ambapo mzee yule alikuwa akikaa kila alasiri na wazee wenzake, anakula kashata, wanabishana mpira. Siku moja natoka sokoni na kikapu changu, nikamwona kasimama na kikombe mkononi, na benchi limejaa watu waliokaa kwa kujitanua. Hakuna aliyesogea. Akanywa wima, akarudisha kikombe, akashika njia. Nikajisemea moyoni, adabu imemshika. Tangu siku ile dirisha likafungwa, na pazia juu yake.

Nikarudi kwenye uhuru wangu, kanga kifuani. Lakini bustani ikaanza kunigomea. Bamia zilichanua zikapukutisha maua. Mrihani ukarefuka kama unaotafuta kitu, majani yakapauka, ya chini yakawa yanadondoka. Nikatia mbolea ya kuku. Nikabadilisha udongo. Nikasema ni kijicho, nikamtaja na mtu ninayemshuku, Mungu anisamehe na hilo pia. Mjukuu wangu mdogo wa kike, ninayeishi naye, akaniambia, "Bibi, labda mrihani unasikia baridi." Nikamwambia aende chuoni kwa maalimu akasome.

Asubuhi moja nimekaa kwenye kibao na kikombe cha chai, natazama ukuta wa choo. Zamani, wakati kama ule, kulikuwa na kipande cha mwanga pale. Kilikuwa kinaanzia kwenye asmini, kinateremka, kinakaa juu ya pipa la mrihani mpaka chai yangu inapoa. Sasa ukuta ulikuwa mweusi. Nikainua macho kwenye lile dirisha lililofungwa, nikaelewa. Jua la asubuhi kwetu linagonga juu ya maghorofa tu. Lilikuwa linapiga vioo vya zile mbawa zikiwa wazi, na vioo vinalirusha chini kwangu. Jua pekee la bustani yangu lilikuwa linatoka kwa mzee wa vifungo, na mimi ndiye niliyelifunga.

Mnafikiri nikaona haya? Wapi! Nilichokiona ni mrihani wangu unakufa. Nikachuma bamia chache zilizobaki, nikazitia bakulini, nikajitanda vizuri, nikapanda ngazi kwenda kumwambia afungue dirisha ila akae mbali nalo. Hata maneno nilikuwa nimeyapanga. Nitamwambia yaliyopita si ndwele. Yaani mimi ndiye nitakayemsamehe!

"Hodi."

Akafungua mwenyewe. Amekonda. "Karibu, mama."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ingia, usisimame mlangoni."

Nikaingia. Karibu na dirisha kulikuwa na kiti, na kwenye kiti mke wake. Amevaa sweta lile la kijivu. Kofia ya sufu ile ile. Uso umeshuka upande mmoja, na mkono wa upande ule umelala mapajani. Mwanamke huyu nilikuwa sijamwona mtaani siku nyingi, nikadhani ameenda kwa watoto wake ng'ambo. Sikuwahi kumuulizia.

"Kiharusi," mzee akasema. "Anaona baridi hata kwenye joto hili, ndiyo maana namvika langu."

Nikalishika bakuli la bamia kwa mikono miwili.

"Alikuwa anausalimia mrihani wako," akaendelea, bila ukali wowote. "Kwetu kuna mti wa ibada, tulsi, nyumba haikai bila huo. Asubuhi mama wa nyumba anausalimia kwa viganja viwili, hivi. Wa kwake ulikufa alipokuwa hospitali. Nikaotesha mwingine, ukafa. Mimi sina mkono wa miti. Siku moja akaona wako kule chini. Si wenyewe hasa, lakini akasema ni ndugu yake, unatosha. Mkono uliobaki ni mmoja, basi anainua huo huo."

Nilitamani sakafu ipasuke. Mkono ule nilikuwa nimeuigiza na kisu cha vitunguu.

"Mzee, mbona hukusema? Watu wamekuita majina, wamekunyima hata pa kukaa!"

"Ningesema nini? Wangepanda wote kuja kumtazama. Hataki kuonekana hivi alivyo. Wewe una ua wako, mama, na yeye ana sitara yake. Mimi wacha waniseme."

Mke wake akageuza uso. Akasema neno, sikulielewa, akalirudia kwa tabu. Alikuwa anauliza mrihani haujambo?

"Haujambo," nikamjibu. "Umestawi." Nikaanza kulia pale pale, kilio cha mtu mzima kisicho na adabu, na mzee akanipokea bakuli lisianguke.

Nilimwomba radhi. Akasema ameshasamehe. Nikamwambia natoka sasa hivi, naenda kumsafisha kwa kila mtu, kuanzia jikoni mpaka kijiweni. Akainua kidole. "Sema la kwako, mama. La kwake usiliseme."

Ndilo lililonikamata shingo. Kwenye shughuli iliyofuata nikawaambia wanawake wenzangu kwamba nilikosea, mzee wa vifungo hajanichungulia hata siku moja. Wakaniuliza, basi dirishani alikuwa nani? Nikanyamaza. Mimi, nikanyamaza! Wakatazamana. "Amekupa nini?" mmoja akasema, na mwingine akadakia, "Kumbe mmeshapatana!" Jiko zima likalipuka kwa kicheko. Nikaenda kijiweni, mahali ambapo mwanamke wa umri wangu hasimami ovyo, nikasema mbele ya wazee ni mimi mwenye kosa. Wakaniitikia vizuri, "Tumekusikia, mama, tumekusikia." Benchi lilikuwa limejaa kama kawaida. Mdomo ule ule uliosadikiwa siku moja kwa uongo, sasa unasema kweli na hakuna anayeununua.

Mke wa mzee mwenyewe ndiye aliyeniruhusu baadaye niyaandike haya, mradi nisitaje mtu. Dirisha sasa linafunguliwa kila asubuhi. Kipande cha mwanga kimerudi ukutani, mrihani umeshika rangi, nami pipa nimelisogeza karibu na ukuta wa choo, mbele ya dirisha lake, ili mama yule auone mrihani vizuri. Mkono unapoinuka huwa nainama na kujifanya natoa magugu. Siwezi kuutazama.

Juzi nilikuwa namwagilia, mlango wa nje uko wazi, mjukuu wangu anavaa viatu aende chuoni. Mzee akapita na mkate wake kwenye mfuko. Yule mtoto nimemfunza mwenyewe kusalimia wakubwa, hamwachi mtu. Akasimama wima, akashika mtandio wake, akasema kwa adabu zake zote:

"Shikamoo, Babu Dirisha."

Maji ya kopo yakanimwagikia miguuni. Hakuwa anamtania. Anajua hilo ndilo jina lake.

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee akaitika, akaenda zake.