Nusu ya Namba Aliyoiacha Nicanor

Saa mbili asubuhi, Gideon Kipkemboi anazima mashine ya kusaga mahindi mtaani Kimumu, Eldoret, na kujipangusa unga kwenye nyusi. Ubavuni mwa injini kuna kibati chenye namba ya kiwandani: 27204521.

"Hii namba ilituingia kwa kichwa, mimi na Nicanor," anasema. "Wateja wakikosekana tulikuwa tunaichokoza."

Nicanor, kijana wa Busia, alikuwa mpakiaji wake. Walibishania jambo moja tu: je, namba hiyo ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe? Mbili haiingii, wala tatu, wala tano. Ubishi ulipokolea wakagawana kazi kama watu wanaolima shamba moja. Gideon ajaribu namba tasa zote zilizo chini ya elfu tatu. Nicanor aanzie hapo hadi elfu tano mia mbili na ushei, maana kupita hapo ni kujichosha bure: kigawanyo kikubwa kuliko hapo huwa na mwenzake mdogo ambaye wangekwisha kumpata. Walihesabu kwa makaa ukutani.

Hiyo ilikuwa 2007, wakati wa kampeni. Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, moshi ulitanda mjini, vijana wakaanza kuwasaka waliotoka kwingine, na Nicanor akaamua kukimbilia kituo cha polisi.

"Nilimwambia, ngoja nikusindikize, mimi ni wa hapa, hawatanigusa. Akasema tukiwa wawili tutaonekana. Hakufika."

Gideon alimtafuta mochari, akamtafuta kambini kwa waliofukuzwa makwao, akafika hata Burnt Forest. Hakupata hata kiatu. Nusu yake mwenyewe aliimaliza mwaka uliofuata, na hakuna namba iliyoingia. Ya Nicanor hajaigusa mpaka leo, 2014. Subira huvuta heri, husema watu. Ya Gideon imevuta vumbi tu.

Mwandishi anapotoa simu na kumwambia kwamba ingeijibu hesabu hiyo mara moja, Gideon anaifunika kwa kiganja chenye unga.

"Wacha. Hiyo shamba iko na mwenyewe."

Lakini mwenyewe anazikwa Jumamosi. Dada yake, Mildred Nabwire, alipiga simu kutoka Busia: familia imechoka kungoja, itazika mgomba badala ya mwili, kama desturi yao ilivyo kwa aliyepotea. Wanamtaka Gideon awepo. Gideon alikata simu bila kujibu, na aibu hiyo inamla hadi sasa.

"Mama yake ako na haki ya kuwa na mahali pa kulilia," anasema. "Lakini mimi nikienda, nimekubali amekufa. Hata nikigusa hesabu yake, nimekubali."

Kisha anaokota kipande cha makaa, anapangusa unga ukutani na kuandika 3001, namba tasa ya kwanza katika sehemu ya Nicanor. Anagawanya polepole, midomo ikimcheza. Inabaki mia nne hamsini na sita.

"Haijaingia," anasema, na machozi yanachora mistari kwenye unga wa mashavu yake. "Jumamosi niko Busia. Nitaambia huo mgomba nimeshika upande wake."