Chuma Kimoja kwa Mapaja Manne

Sina desturi ya kuanza maelezo kwa kujidhalilisha, kwani nilifanya kazi ya ukarani wa serikali mpaka nikastaafu bila kuandikiwa onyo hata moja. Lakini kwa kuwa mkasa huu umekuwa ukisimuliwa Geita nzima na watu ambao hawakuwapo, wengine hata hawakuwa wamezaliwa, na kila msimulizi huongeza lake, nimeona heri niseme mwenyewe kwamba ndiyo, mimi ndiye yule karani aliyefungiwa chini ya chuma pamoja na mama wa mchumba wake, mchana kweupe, mbele ya umati, wakiwa wamekumbatiana. (Wanaosema nililia ni waongo. Nilipiga kelele, na hayo ni mambo mawili tofauti.)

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa kijana, mwembamba kama ufito wa kuezekea, nimehamishwa kutoka kwetu Shinyanga kwenda kushika kalamu katika boma dogo la huko Geita. Mgodi mmoja wa dhahabu wa jirani, ambao sitautaja kwa kuwa nao una wajukuu wake, ulikuwa na desturi ya kuwafanyia wafanyakazi sikukuu baada ya mavuno ya pamba: ngoma, mbio za magunia, nyama ya kuchoma. Mwaka huo mhandisi wa karakana akaona ngoma hazitoshi. Alikuwa Mzungu mwenye masharubu mekundu na Kiswahili kisichojaa kiganja, na katika Kiswahili hicho neno alilolipenda kupita yote lilikuwa “upesi”, kwa hiyo wachimbaji walimwita Bwana Upesi, naye alidhani ni sifa.

Bwana Upesi alitandaza reli chakavu kutoka juu ya kichuguu kikubwa cha mawe ya mgodi. Ziliteremka kwa kasi hadi bondeni, zikapanda nundu, zikashuka, zikapanda nundu ya pili, kisha zikazunguka na kurudi kituoni, chini ya kichuguu kilekile. Juu ya reli hizo aliweka toroli tatu za kubebea mawe, zimeunganishwa, kila moja ina benchi la watu wawili. Winchi ya mgodi ilizivuta kwa waya kinyumenyume, kwa mteremko huohuo, hadi kileleni, ndoana ikafunguliwa, na kilichobaki aliachiwa Mwenyezi Mungu.

Kilichowazuia abiria wasirushwe nje kilikuwa chuma kimoja, bomba la maji lililofungwa bawaba upande mmoja na kukomewa kwa pini upande wa pili. Liliteremshwa hadi likagusa mapaja, pini ikagongwa kwa nyundo ili vijana watundu wasiifungue njiani, na nyundo yenyewe ilikaa kituoni. Narudia ili ieleweke: chuma kimoja, watu wawili. Mtu yeyote aliyewahi kulala na mtu mnene chini ya blanketi moja angeweza kumweleza msomi yule kosa lake, maana chuma hakijui huruma wala wastani. Husimama penye paja nene, na mwenye paja jembamba huachiwa nafasi ya kupitisha mbuzi. Lakini nani angemweleza? Mwenzangu, huyo alikuwa na cheti kutoka ng'ambo!

Mimi nilipelekwa na boma kusimamia foleni, nimevaa kaptula nyeupe iliyotiwa wanga, soksi hadi magotini, mkononi nina tarumbeta ya bati ya kutangazia. Nilimkuta Bwana Upesi ametoa saa mfukoni, amekasirika. Alikasirishwa na toroli kuondoka na nafasi tupu, kwa sababu kila mtu alitaka kuketi na aliyemzoea, na wengine walisimama pale wakibishana nani akae na nani, huku umati unangoja juani. Hapo ndipo nilipotoa ule uamuzi mdogo ambao mpaka leo nikiukumbuka hutamani kujipiga kofi. Nilitangaza kwamba hakuna benchi litakaloondoka na nafasi, kwamba hakuna kuchagua mwenzi, na kwamba mnene ataketi na mwembamba, maana wanene wawili hawakuenea.

Kwa ajabu yake, jambo hilo lilifanya kazi. Foleni ilianza kutiririka kama maji ya mfereji, Bwana Upesi akanipiga bega, nami nikavimba kama chapati iliyopata moto. Mfugaji mmoja wa makamo kutoka Kishapu, amejifunga shuka jeusi, ana fimbo yake, alipangiwa benchi moja na mama wa mke wake, akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa.

“Karani,” akasema kwa upole, “huyu ni mkwe wangu. Mimi njia anayopita huiacha. Nitaketi naye vipi?”

Mimi ni Msukuma. Nilijua vizuri kuliko nilivyozijua kuta za boma kwamba mkwilima, yaani mume wa binti, na mama mkwe hawaketi pamoja, hawasemezani, hawatazamani machoni, hawashikani mkono, na wakikutana njiani mmoja wao huingia porini. Lakini nilikuwa na tarumbeta, na tarumbeta humharibu mtu.

“Bwana, hapa ni mashine, si nyumbani kwenu!” nikamtangazia, watu wote wasikie. “Kama hutaki, pisha wenzako.”

Akapisha. Hakuondoka, hata hivyo. Alisimama kando, akaegemea fimbo yake.

Sasa ni lazima nieleze jambo lililokuwa likinikosesha usingizi msimu ule. Nilikuwa namposa Tereza, binti ya Mzee Luhende, mnyapara wa karakana hiyohiyo ya mgodi. Washenga walikuwa wamekwisha kwenda na kurudi mara nyingi hata mbwa wa pale nyumbani wakaacha kuwabwekea, ng'ombe walikuwa wamekubaliwa, na lililobaki lilikuwa moja tu: Jumapili iliyofuata nikaribishwe rasmi kwa wazee. Nilimpenda Tereza kwa namna ambayo haimfai karani kuiandika. Mama yake nilikuwa nimemwona kwa mbali tu, kama inavyotakiwa, na kila nilipomwona nilihama njia.

Basi siku hiyo Mama Tereza akaja kwenye foleni. Alikuwa mama mwenye mwili wa heshima, mpana, mwenye sauti iliyofika kabla yake. Alisema amekuja kukiona kitu kilichomfanya mumewe achelewe kurudi nyumbani mwezi mzima. Tereza alikuwa pembeni yake. Nilishusha tarumbeta, nikageuka na kujifanya nakagua reli. Nyuma yangu nikasikia mama akipanda benchi la mwisho, na benchi likilalamika. Kisha nikamsikia Tereza akisema, “Yaya, mayu” (yaani hapana, mama), “mimi naogopa,” akashuka. Nafasi ikabaki tupu.

Bwana Upesi akatazama saa. Akatazama foleni: waliofuata walikuwa akina mama wanne wauza pombe, kila mmoja anatosha benchi peke yake. Kisha akanitazama mimi.

“Wewe. Mwembamba. Keti. Upesi!”

“Bwana, huyu ni mama wa…”

“Upesi!”

Ningeweza kuondoka. Ningeweza kuangusha tarumbeta, nikakimbia hadi Rwamgasa nikajichimbie shimo. Lakini nyuma yangu ikasikika sauti tulivu ya yule mfugaji: “Karani, hapa ni mashine!” Umati ukaangua kicheko, mtu akapiga vigelegele, nami kwa kiburi cha kijinga, kwa kuogopa kuchekwa kidogo (kana kwamba kuchekwa sana kulikuwa mbali), nikapanda, nikaketi ukingoni kabisa, uso nimeugeuzia upande wa pili. Mama Tereza alijifunika kanga kichwa kizima. Chuma kikashuka, kikatua kwenye mapaja yake, pini ikagongwa. Mimi nilikuwa nimefungwa kama ndege anavyofungwa kwa dirisha lililo wazi.

Na Bwana Upesi, ili aokoe muda na kuwaandaa waliofuata, akaamuru ndoana ifunguliwe kabla hatujafika kileleni.

Mteremko wa kwanza sikuuona, nilikuwa nimefumba macho. Kwenye nundu ya kwanza nilihisi benchi likiniaga. Nilipaa. Kaptula yangu iliacha ubao, magoti yakapita juu ya chuma, nikaliona bonde lote la mgodi chini yangu, nikapiga ile kelele niliyokwisha kuitaja, na katika kelele hiyo nilisema “Mayu!” yaani mama, na wapo wanaodai kwamba nilimwita yeye. Hapo mkono mnene ukatoka chini ya kanga, ukanikamata mkanda wa kaptula, ukanirudisha chini kama mtu arudishavyo kuku tengani. Nami, ndugu zangu, nilishika kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu kilikuwa shingo yake.

Laiti yangeishia hapo. Lakini kwa kuwa tuliachiwa kabla ya kilele, nguvu ya kupanda nundu ya pili hatukuwa nayo. Tulipanda nusu, tukasita, tukarudi kinyumenyume, tukapanda nusu ya nundu ya kwanza, tukarudi tena, hadi toroli zikatulia katikati ya nundu mbili kama punje ndani ya kinu. Umati ukatuzunguka pande zote. Nyundo ilikuwa kituoni.

Benchi la mbele yetu alikuwapo Bwana Velji, mwenye duka la vitambaa, pamoja na kaka yake mnene, niliyempangia mimi mwenyewe, aliyekuwa amefumba macho akisali kimoyomoyo. Mama Tereza hakuweza kusema nami, na hata hapo, akiwa amekazwa nami chini ya bomba moja, hakuvunja mwiko wa maneno.

“Bwana Velji,” akasema ndani ya kanga, “mwambie huyo kijana aniachie shingo.”

Bwana Velji akageuka, uso umepauka. “Bwana Karani, mama anasema umwachie shingo.”

“Mwambie mama,” nikajibu, nikiwa nimeitoa mikono kama niliyeshika chungu cha moto, “kwamba naomba radhi, nami pia naomba aniachie mkanda.”

“Mama, anasema umwachie mkanda.”

“Mwambie nikimwachia na hii kitu ikaondoka tena, atakwenda kuokotwa Segese.”

“Anasema utaokotwa Segese,” akasema Bwana Velji, kisha akaongeza ya kwake, “na mimi nasema tafadhali msinitume tena, tumbo langu si zuri.”

Kutoka kwa umati zilikuja sauti ambazo nisingependa kuzikumbuka lakini nazikumbuka zote. “Karani, umekosea mlango!” “Kaposa binti, kabeba mama!” Walipoleta kamba kutuvuta, waliimba kama wanavyoimba wakilima, na ubeti waliotunga papo hapo ulikuwa na jina langu. Tulivutwa kupita nundu polepole, yeye ameshika mkanda wangu njia nzima, na Tereza alitembea kando ya reli akiwa amejifunika mdomo kwa viganja. Nilidhani analia. (Baadaye alikiri kwamba alikuwa akicheka. Nimemsamehe, si kwa ukamilifu.)

Kituoni alikuwa amesimama Mzee Luhende. Pini ikagongwa, chuma kikainuka. Bwana Upesi alitazama saa yake, akatikisa kichwa kwa huzuni kuhusu muda uliopotea, akageukia foleni: “Wengine! Upesi!” Sijawahi kumdharau binadamu kwa kiasi kile. Alikuwa amenusurika kuua mtu, na uchungu wake wote ulikuwa kwamba gari limechelewa.

“Shikamoo, baba,” nikasema.

Mzee Luhende hakuitikia. “Watu wanasema mmeshikana.”

Nilianza kueleza kwa mpangilio, kama nilivyozoea: bawaba, bomba, tofauti ya unene, ndoana iliyofunguliwa mapema.

“Nakuuliza habari za mkono,” akanikata, “wewe unanijibu habari za chuma. Nani alimshika mwenzake?”

Nilielewa alichokuwa akiuliza. Nikisema ni mimi, posa imekufa, na Jumapili hakuna wa kunikaribisha. Nikisema ni mama, nimemvua nguo mke wake mbele ya mgodi mzima, na posa imekufa vilevile. Maisha yangu yote nimejua la kuandika kila palipoachwa nafasi. Siku ile niliinama nikaanza kuvuta soksi zangu hadi magotini.

“Baba Tereza,” sauti ikatoka ndani ya kanga, “wa kwanza kushika ni mimi. Kile chuma mlichokitengeneza wewe na Mzungu wako kilinishika mimi peke yangu, huyu kikamwacha apeperuke. Ningefanyaje? Nikunje mikono kwa heshima nimtazame mume wa mwanangu akipasuka kichwa, halafu nije nikuonyeshe mikono yangu ilivyo safi?”

Mzee Luhende akatazama bomba, ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelikata na kulitoboa. Akapitisha kidole kwenye tundu la pini.

“Atachinja kondoo wa kuuosha mwiko,” akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. “Na Jumapili aje na mashahidi waliomla huyo kondoo.”

Nikachinja kondoo, nikaja, nikamwoa Tereza. Mama yake aliishi miaka mingi baada ya hapo, na katika miaka hiyo yote hakusema nami neno la moja kwa moja, wala mimi naye. Tulipokutana njiani mmoja wetu aliingia porini kama kawaida, na shukrani zangu alizipata kupitia midomo ya watoto.

Siku hizi wajukuu wananiambia kwamba ng'ambo kuna magari ya namna hiyo yanayopindua watu vichwa chini, miguu juu, na kwamba wenye nayo wanajisifu jinsi yanavyopakia na kupakua upesi. Neno hilohilo! Nimewajibu kwamba mimi nimeapa na sitatengua: simpangii mtu kiti ambacho mimi mwenyewe sitaki kukikalia, na sipandi tena kitu chochote ambacho mwenye kukiendesha ameshika saa. Wao wakitaka kupanda, wapande. Lakini kwanza wamuulize mwenye mashine kama kila mtu ana chuma chake. Na akijibu kwamba ni kimoja kwa wawili, wasibishane naye, watafute mama mkwe mwenye mkono mzito.