Mkono Uliofunguliwa Siku Tatu Kabla

Mtunza maabara wa shule ile aliitwa Mama Funguo, hata na mwalimu mkuu. Miaka kumi na minane alitembea na kishada cha funguo kiunoni, na kila siku alihesabu vifaa kabla ya kufunga. Kuna mwaka hadubini ilipotea, akaandikishwa barua tatu za kujieleza. Baadaye ikapatikana ofisini kwa mtu ambaye hakuandikishwa hata moja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo hakuamini hata bisibisi iliyolala mezani peke yake.

Kwa hiyo Jumanne alipokuta mota za roboti ni nne badala ya sita, alizihesabu upya.

Roboti ilikuwa ya wanafunzi wawili mapacha. Kazi yake ilikuwa kuokota vizibo vya chupa na kuvitenga kwa rangi. Mkono wa kuokotea aliuunda yule wa kiume kwa miezi miwili, akausifia hadi mama yao akasema afadhali basi ungeosha vyombo. Sasa waandaaji wa mashindano ya roboti ya shule walikuwa wamekata wiki nzima kwenye ratiba, zikabaki siku tatu, naye kijana yuko kitandani na homa. Dada yake, waliyemwita Injinia, alikuwa akifanya kazi peke yake.

"Mota mbili ziko wapi?" Mama Funguo aliuliza.

"Zipo, mama."

"'Zipo' si mahali."

"Nitazirudisha kesho," Injinia alisema, macho kwenye viatu vyake.

Atazirudisha! Kumbe zimetoka. Mama Funguo akaanza kuunganisha mambo. Viatu vile ni vipya. Juzi msichana alionekana getini akinong'ona na mwanafunzi wa shule jirani, na huko nako wana roboti. Na kwa nini siku hizi anaomba funguo saa ya chakula, watu wakiwa hawapo?

Jumatano alimpa funguo kwa uso mkunjufu, akasubiri kidogo, akazunguka hadi dirisha la nyuma.

Mkono ulikuwa umelala juu ya kitambaa, umefunguliwa vipande vipande, na mota mbili kando yake. Mahali pake Injinia alikuwa amefunga mteremko wa bati na nusu ya rula. Vizibo viliteremka, rula ikapiga: vyekundu huku, vya bluu kule.

Mama Funguo akaingia. Msichana aliruka kama aliyemwagiwa maji.

"Mkono unamaliza betri, mama, na unadondosha," alisema. "Siku tatu tulizoachiwa hazitoshi kuurekebisha. Mota nilimpelekea fundi redio anipimie nguvu zake."

"Na kaka yako anajua?"

Injinia akaokota kizibo chekundu, akakirudisha kwenye kundi lake.

"Leo hii ukamwambie. Usipokwenda wewe, nitakwenda mimi."

Alhamisi kijana alikuja amejifunga sweta hadi shingoni. Aliokota kipande kimoja cha mkono aliouunda.

"Ulisubiri niugue."

"Hapana."

"Ulijua nisingekubali."

"Hilo nilijua."

Mama Funguo, ambaye hakuna aliyemuuliza, aliweka saa mezani. "Bishaneni na hii."

Wakaurudisha mkono. Kwa dakika mbili ukatenga vizibo saba na kudondosha viwili. Rula ikatenga thelathini na kimoja. Kijana akataka warudie. Wakarudia. Mara ya tatu hakuomba. Alikata kipande cha sponji akakibandika kwenye rula.

"Inagonga kwa nguvu mno," alisema bila kumtazama dada yake. "Vyepesi vitaruka nje."

Ijumaa walishika nafasi ya tatu. Jaji aliuliza ulipo mkono uliochorwa kwenye bango lao, na kijana ndiye aliyejibu: "Muda ulitubana, tukachagua kinachofanya kazi."

Jumatatu Mama Funguo alimpongeza Injinia, kisha, kwa kuwa jambo lilimkaa kooni, akamwambia wazi kwamba alimdhania mwizi. Alidhani watacheka pamoja. Msichana hakucheka. Wiki nzima alitoa shikamoo ya kupita tu, na Mama Funguo aliijibu kila siku, marahaba, bila kumlaumu.