Mzizi wa Bibi

Juzi, kwenye duka la vitabu mjini Garsen, nilifungua kitabu cha mitishamba nikakuta picha ya bibi yangu. Chini yake wameandika: "Mwanamke wa kijijini." Jina hakuna. Nilikifunga kwa kishindo hadi mwenye duka akashtuka.

Mchana ule picha ilipopigwa, nikiwa bado mtoto, kwetu Kilelengwani, nyumba nzima ilinukia kivumbasi kilichochemka. Mgeni mwenye daftari na kamera alikaa mkekani akinywa chai yetu, na kwa kuwa Bibi alijua Kipokomo tu, mimi ndiye niliyetafsiri. Bibi alimweleza jani moja moja. Alipofika kwenye mzizi wa homa ya watoto, alininong'oneza, "Huu usimwambie. Niliachiwa na mama yangu."

Mgeni alitabasamu. "Binti, Kiswahili chako kinamshinda mwalimu!"

Nilidhani mtu mwema hivyo anatafuta dawa ya mtoto wake mgonjwa. Nikamwambia yote, hata mahali mzizi unapochimbwa, kando ya mto.

Masika yalipokwisha, watu wageni walikuja na majembe wakaung'oa wote. Bibi alirudi kutoka mtoni na kikapu kitupu, akanitazama.

Namchukia mwizi yule. Na ile sifa aliyonipa inanichoma zaidi, maana niliifurahia.