Ufunguo Ndani ya Unga wa Fufu

Mama alipofariki, nyumba yetu ya huku ugenini, mtaa wa Kensington, ilijaa watu wiki nzima. Matanga yetu sisi Wakongo ndivyo yalivyo: mfiwa habebi kitu, hata maji ya kunawa analetewa. Halafu wote wakaondoka siku moja, na Papa akaanza kuacha fufu, ugali wetu wa muhogo, nusu sahani.

Papa ni mlinzi. Ana bastola yake, ya kibali, inakaa kabatini ndani ya kisanduku cha chuma, imefungiwa vizuri. Lakini ufunguo wenyewe ulikuwa unaning'inia kwenye msumari jikoni, pamoja na ule wa geti.

Jumapili moja mama wa kampeni ya kutunza silaha alikuja kanisani kwetu na karatasi zake. Akasema, "Kwenye matanga hamumwachii mfiwa abebe hata ndoo. Na bunduki vilevile. Ikae mbali naye kwanza, mpaka moyo utulie. Na mumuulize kama anawaza kufa, msiogope. Kumuuliza mtu hakumpi wazo la kufa."

Mimi kusubiri sijui. Nilifika nyumbani, sikuuliza chochote, nikachukua ufunguo nikauzika ndani ya mfuko wa unga wa fufu.

Asubuhi Papa, sare mwilini tayari, akawa anapekua droo zote.

"Ufunguo uko wapi?"

"Sijui."

"Eish, weye! Hiyo sura hata kudanganya haijui."

Nikautoa, mweupe kwa unga. Alikasirika kweli. "Sasa mimi ndiyo mtoto wako? Matanga yameisha!"

"Kwako hayajaisha, Papa." Sikuishia hapo. "Unawaza kujiua?"

Nilidhani atanizaba kofi. Akakaa kwenye kiti, kofia ya kazi mkononi, anaizungusha tu.

"Siku zingine," akasema. "Sikutaka ujue."

"Sasa najua."

Siku ile hakwenda kazini. Nilimpigia simu yule mama wa kampeni, namba ilikuwa kwenye karatasi zake, akaja na gari yake, akatupeleka wote wawili kwa muuzaji wa silaha mwenye ruhusa ya kuwatunzia watu. Papa aliikabidhi bastola, akasaini mwenyewe. Kutoka pale tukapita kliniki. Aliongea na nesi, mlango umefungwa, mimi nje nimekalia mikono yangu ili nisigonge. Bosi wake akampanga kwenye geti la shule. Kule ni redio na daftari tu, hakuna silaha.

Hajapona. Jioni zingine ananyamaza mpaka nakasirika, halafu naona aibu, namuuliza tena lile swali. Ananijibu. Kliniki anarudi, huwa namsindikiza.

Jana nilisonga fufu. Akaiminya kwa kidole, polepole, kama anatafuta kitu.

"Humu hakuna chuma?"

"Kula, Papa."

Akacheka kidogo. Akala. Alibakiza tonge moja tu, nikalila mimi.