Mpira Ukiingia Mpungani, Umekufa

Enzi zetu, wakati daraja bado halijajengwa na watu wanavuka mto Kilombero kwa kivuko huku wakigombea nafasi na ng'ombe, mtu akitaka kujua kama una kipaji alikuja kukutazama kwa macho yake mawili. Nasema hivi kwa sababu juzi mtoto wa dada yangu, Brayani, miaka kumi na miwili, kanikalisha nimwangalie kwenye simu akipiga danadana. Danadana nne. Kaweka muziki, kaweka na moto unawaka pembeni, eti anamtumia skauti huko Dar. Nikamwambia mwanangu, danadana nne hata mbuzi wa jirani anapiga akiteleza kwenye ganda la ndizi. Akanuna. Halafu akauliza swali lililonipandisha hasira mpaka nikatafuta kalamu.

"Kwani mamdogo, huyo Kabula wenu unayemsifia kila siku, video yake iko wapi?"

Haya. Video yake ndiyo hii. Wenzangu wa rika langu mtanisaidia kushuhudia, na nyie kina Brayani nyamazeni kidogo.

Besiboli ililetwa shuleni kwetu na mwalimu wa kujitolea, Mjapani mwembamba aliyekula wali na perege mpaka akawa anachambua miiba kuliko sisi. Alitufundisha miezi michache, muda wake ukaisha, akaondoka huku nusu ya darasa inalia na nusu inagombania kofia yake. Alituachia glovu tatu, mipira miwili na gongo moja. Mpira mmoja ulichanika wiki ile ile. Gongo likapasuka baada ya mtu kulitumia kuangulia mapera, jina lake silitaji kwa sababu siku hizi ni mzee wa kanisa. Mimi nikaiba mchi wa bibi, ule mwembamba uliochakaa kichwa, tukauchonga pa kushikia. Bibi aliutafuta mwezi mzima, akamlaumu jirani.

Sheria za Mjapani nusu tulizisahau, na pengo tukaliziba kwa za rede, mchezo wetu wa kurushiana mpira ambao kila mtoto aliujua. Kwenye rede ukiguswa na mpira tunasema umekufa, unakaa pembeni. Basi na besiboli yetu ikawa hivyo hivyo, hakuna kutolewa, kuna kufa. Vituo vya kukimbilia vilikuwa malapa yaliyokatika. Refa nilikuwa mimi. Mwandishi wa matokeo mimi. Mama alikuwa ananiambia, "Wewe huo mdomo ungekuwa jembe, tungekuwa tunalima mpaka Mahenge." Lakini nani mwingine angeweza? Kila mtu alilinda timu yake, mimi nililinda sheria.

Na sheria kubwa kuliko zote hatukuitunga sisi. Uwanja wetu ulipakana na shamba la mpunga la Mama Chausiku, mama mmoja mnene ambaye hakuwahi kukimbia maishani mwake na hakuwahi kukosa kumkamata mtoto. Mpira ukiingia mpungani kwake, sisi tunaingia kuufuata, mpunga unalala. Siku moja akaja na fimbo, akachukua mpira wetu pekee, akaufunga kwenye kanga. Akasema ataurudisha kwa sharti moja: kuanzia siku hiyo, atakayepiga mpira ukaingia kwake, huyo huyo ataufuata peke yake, kwa kupita kwenye tuta, na atabaki kuamia ndege wasile mpunga mpaka jua linazama. Mnaokumbuka kuamia mnajua. Kupiga debe, kurusha udongo kwa kombeo, kupiga kelele mpaka koo linauma, na ndege wanakuangalia tu kama wamekuzoea.

Mpigaji akienda kuamia ndege, mchezo umemkosa. Kwa hiyo nikatangaza rasmi: mpira ukiingia mpungani, umekufa. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini kwa kalamu nyekundu. Toka hapo watoto wote wakajifunza kupiga mpira mdogo mdogo, wa kutambaa.

Isipokuwa Kabula.

Kabula alikuwa jirani yetu, binti wa Kisukuma. Baba yake, Mzee Masunga, alihamia bondeni na ng'ombe, akaanza na mpunga pia. Kabula alikuwa mkimya, mrefu, na siku za mavuno alikuwa anapura mpunga kwenye turubai na kaka zake, fimbo kwa fimbo, kutwa nzima. Kwa hiyo alipopewa mchi hakuushika kama sisi. Sisi tuliushika kama tunaua nyoka. Yeye alirudi hatua moja nyuma, akazungusha kiuno kwanza, mikono ikafuata, halafu ndio unasikia mlio. Mlio wa Kabula ulikuwa tofauti. Kuku wa jirani walikuwa wanaacha kula.

Akipiga, mpira unapanda, unapita juu ya vichwa vyetu wote, unakwenda kudondoka mpungani. Na mimi kwa sauti kubwa, "Umekufa." Nachora alama ya kosa kwenye jina lake. Yeye anaweka mchi chini taratibu, anaenda kuamia. Aliamia sana mpaka Mama Chausiku akawa anamwekea kiporo cha wali. Nilimwambia mara ngapi, "Kabula, piga kidogo." Anajibu, "Nikipiga kidogo mkono unaniuma."

Sasa mwaka tuliokuwa darasa la saba, mwalimu mkuu akatangaza mstarini kwamba kuna shule ya bweni upande wa Morogoro inatafuta watoto wa besiboli. Atakayechaguliwa atasoma sekondari, atalala na kula huko huko, nyumbani hawaulizwi kitu. Atakuja mtu kutazama. Siku gani, hata yeye hajaambiwa.

Wengine tulifurahi tu. Kwa Kabula ilikuwa habari nyingine. Mzee Masunga alishasema binti akimaliza la saba inatosha. Tena wiki ile ng'ombe wake walikuwa wameingia shamba la mtu, akaitwa kwa mtendaji wa kijiji, akarudi amevimba. Aliwakusanya watoto wake wote akawaambia, "Sisi hapa ni wageni. Nikisikia kesi nyingine, iwe ya ng'ombe, iwe ya mtoto, huyo mtoto anabaki nyumbani kesho yake." Kabula alinisimulia huku anachora chini kwa kidole cha mguu. Nikamwambia nikiwa hai hakuna kesi itakayomfikia.

Maskauti wa zamani hawakuvaa fulana zenye maandishi. Walikuja na baiskeli, wanakaa pembeni kama mtu anayesubiri mashine ya kukoboa ifunguliwe. Wanakushika kiganja, wanatazama kifundo cha mguu, halafu wanaenda kumwomba mama yako maji ya kunywa ili waone nyumbani mnaishije. Kaka yangu alikataliwa na skauti wa mpira wa miguu kwa sababu alimrushia kipa wao kiatu baada ya kufungwa. Kiatu kilimpata kipa, lakini skauti alisema hajaja kutafuta wa kulenga.

Jumamosi moja, mpunga umeshaanza kuinama, akatokea babu mmoja mfupi anakokota baiskeli kutoka upande wa kivuko. Ana kofia ya sufu kwenye jua lile, ana daftari kwapani. Hakuna aliyeshtuka. Kwetu Ifakara mgeni mwenye daftari anayezunguka karibu na maji ni mtu wa mbu. Tumezaliwa tukawakuta wanahesabu mbu vyumbani na kuchota viluwiluwi kwa upawa, na tunaamini watatuzika wakiwa bado wanahesabu.

Nikaona hapa pa kuchekesha watu. "Shikamoo babu. Mbu wapo kule nyuma ya mpunga, kwenye dimbwi. Wakubwa. Wengine wana ndevu."

"Marahaba, mjukuu," akasema. "Wenye ndevu ndio nawataka."

Akakokota baiskeli yake kupita kwenye tuta mpaka ng'ambo. Tulicheka mpaka mrushaji akakaa chini.

Kisha ikawa zamu ya Kabula. Akarudi hatua moja. Kiuno, mikono, mlio. Mpira ule sijawahi kuuona tena katika maisha yangu. Ulipanda mpaka tukajikinga macho, ukavuka mpunga wote wa Mama Chausiku, upana wake wote, na kutoka ng'ambo ya pili tukasikia ngriiing. Umepiga kengele ya baiskeli.

Mimi kwa mazoea, "Umekufa." Nikachora alama. Kabula akaweka mchi chini, akashika tuta.

Hajafika nusu ya njia, yule babu akatokea, mpira mkononi, kengele imebonyea. Akampita Kabula bila kumwangalia, akaja moja kwa moja kwetu.

"Nani kapiga huu?"

Nikaona kesi. Nikaona mtendaji, nikaona Mzee Masunga amevimba. "Mimi," nikasema. "Nimepiga mimi. Na hiyo kengele baba yangu ataitengeneza, ni fundi baiskeli."

Babu akanishika kiganja, akakiminya kama mtu anayenunua andazi. "Piga tena nione."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikashika mchi. Wa kwanza nikaukosa. Wa pili nikaukosa. Wa tatu mchi wenyewe ukanitoka mikononi, ukaruka, ukavunja kigoda changu mwenyewe cha urefa. Watoto walilala chini kwa kucheka.

"Mjukuu," babu akasema, "wewe una kipaji. Lakini si cha hiki."

"Cha nini?"

"Cha uongo. Nani kapiga?"

Kabula alikuwa ameshageuza. Akaja mpaka mbele ya babu, akapiga goti. "Shikamoo babu. Ni mimi. Naomba usimwambie baba."

"Nina mengi ya kumwambia baba yako. Simama, upige tena."

"Nikipiga nitakufa."

Babu akavua kofia. "Kakuambia nani?"

Watoto wote, wasaliti wale, wakanyoosha vidole kwangu. Na mimi nikipandisha mori sipandishi nusu. Nikamwambia babu sheria ni sheria, mpira ukiingia mpungani umekufa, hata angepiga mkuu wa wilaya, na kama anabisha atazame daftari. Akalipokea. Akafungua ukurasa wa Kabula. Alama za kosa zimejaa juu mpaka chini, nyingine nimezibana pembeni kwa kukosa nafasi.

"Hizi zote ni za mpungani?"

"Zote," nikasema kwa fahari.

Akakaa juu ya tuta. Nikadhani amepata kizunguzungu, kumbe anacheka, machozi yanamtoka, anayafuta kwa kofia. Alipotulia akatuambia yeye si wa mbu, ni mwalimu wa michezo mstaafu, ametumwa na ile shule ya bweni. Halafu akatueleza kitu ambacho Mjapani lazima alikisema na sisi tukakisahau. Kwamba kwenye besiboli mpira ukivuka uwanja, mpigaji hakimbii hata. Anatembea. Anazunguka vituo vyote taratibu, anasalimia watu, anarudi alikoanzia, na hakuna wa kumgusa. Hakuna kitu kikubwa zaidi ya hicho.

Nilimtazama Kabula, naye ananitazama. Mimi niliyekuwa tayari kung'ata mtu kwa ajili yake, ndiye niliyemuua mara zote zile kwa kalamu yangu mwenyewe.

Babu Kengele, ndivyo tulivyomwita toka siku ile, alienda kwa Mzee Masunga jioni. Mimi nilijificha nyuma ya zizi. Akaingia na salamu ya Kisukuma, "Mwadila", aliyoitamka vibaya mpaka mzee akatabasamu bila kutaka. Akaomba maji. Akasema alichokuja nacho.

Mzee Masunga akafikiri sana. "Yaani binti yangu anapiga mpira unapotea, na hicho ndicho kipaji?"

"Ndicho."

"Na mpunga wangu atapura nani?"

Kabla babu hajafungua mdomo, wangu ukawahi. Nikatokea nyuma ya zizi nimejaa mavi ya ng'ombe, nikasema tutapura sisi. Darasa zima. Mzee akaniangalia toka juu mpaka chini, akasema, "Ukishindwa siku moja tu, haendi."

Mavuno yalipofika tulipura siku tisa. Mikono yangu ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine, na kila siku Mzee Masunga alipita kuvitazama viganja vyetu kama skauti. Siku ya kumi hakuja. Alikuwa amempeleka Kabula kivukoni kumpokea Babu Kengele aje achukue majina ya kumwandikisha shule ile.

Siku hizi kuna daraja, unavuka huku umelala kwenye basi. Uwanja wetu umekatwa viwanja, kuna gesti na kibanda cha kuchaji simu. Mama Chausiku hayupo, mpunga wake umebaki kipande, analima mjukuu wake. Kina Brayani wana viatu, wana mipira sita, wana video, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuamia ndege kwa ajili ya kupiga vizuri.

Kabula hakuwa maarufu, Brayani, na usinitafutie jina lake kwenye simu. Ni mwalimu wa michezo, huko huko Morogoro. Krismasi iliyopita alikuja nyumbani. Nikamtolea mchi, ninao mpaka leo, bibi alikufa bila kujua. Brayani akarusha. Kabula akarudi hatua moja nyuma, kiuno, mikono, na kuku wa jirani wakaacha kula. Mpira ukapita juu ya gesti, ukadondoka kwenye kile kipande cha mpunga kilichobaki.

Brayani hakuwa amewasha simu.

Na mimi, Mungu anisamehe, ulimi ukawahi kuliko akili. "Umekufa."

Kabula akacheka. Akaweka mchi chini taratibu, akavua viatu, akashika tuta kwenda kuamia.